Sekunde Tatu

Lengo la kwanza tuliliandika kwa wino wa kijani
kwenye karatasi ya manila, Januari, ofisini kwa mkuu wa chuo:
*Kuinua ubora wa ufundishaji kwa asilimia ishirini.*
Tukapiga makofi. Tukanywa soda.
Hakuna aliyeuliza, ishirini ya nini?

Miezi mitatu manila ikaning'inia,
mjusi akajifanyia makazi nyuma yake,
nasi kila kikao tuliitazama
kama watu wanaotazama saa iliyokufa
huku wakiulizana ni saa ngapi.

Ni Nkinda wa hisabati, mtu wa maneno ya kupima,
aliyerudi Sikonge kukagua mazoezi ya kufundisha,
vumbi jekundu hadi kwenye nyusi,
akasema: Nimehesabu.
Mwanachuo akiuliza swali
hungoja sekunde moja, kisha hujijibu mwenyewe.
Watoto sabini na wawili wamekaa kimya
wanamsikiliza mtu akiongea na ubao.

Tukaishusha manila, tukaigeuza mgongo,
tukaandika jambo dogo hata likatutia haya:
*Uliza. Ngoja sekunde tatu.*
Mkuu akashika kidevu. Hili ndilo la kupeleka juu?
Nkinda akajibu: Hili linahesabika.

Nikapiga mistari kwenye daftari,
majina yakishuka, wiki zikienda kulia.
Nikaketi dawati la nyuma, magoti yamegota mbao,
saa ya mkononi nimeivua, iko juu ya daftari.
Wiki ya kwanza: moja, moja, nusu, sifuri, moja.
Wiki ya pili: moja. Moja na robo.
Ngasa akangoja nne, nikafurahi,
kumbe amesahau somo.

Nikaanza kwenda kila siku.
Hapo ndipo Kalunde, binti wa mrina asali,
aliponifuata hadi kwenye baiskeli:
Mwalimu, kwetu mzinga ukifunguliwa kila asubuhi
nyuki huhama.
Nikaona aibu, nikaona pia ukweli.
Tangu hapo nikaenda Ijumaa tu.

Wiki ya sita walikuja wakaguzi na gari lao.
Sifuri. Sifuri. Sifuri. Nusu.
Hofu haijui kungoja.
Usiku ule, taa ya chemli ikinuka mafuta,
peni ilinijaribu: andika mbili, nani atajua?
Mchoro ungepanda vizuri, kama ngazi.
Nikaandika sifuri, nikazipigia mstari,
na pembeni: *siku ya wageni.*

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine.
Jumatatu, katika somo langu mwenyewe la saikolojia,
niliuliza: Mmeelewa?
Nikajibu: Haya, tuendelee.
Miaka kumi na tisa ya *haya, tuendelee*.
Nikafungua daftari, chini ya jina la mwisho
nikaandika langu, na mbele yake
sifuri, ya mviringo kabisa, kama yai.

Wiki ya tisa. Darasa la tatu.
Kalunde amesimama, chaki imempaka shavuni.
Mbona maji ya mtungi ni baridi kuliko ya ndoo?
Moja.
Bati likaalika kwa jua.
Mbili.
Nikaona vidole vyake vikikaza chaki,
jibu limemjaa mdomoni, analimeza.
Tatu.
Mtu akakohoa. Mbuzi nje.
Kisha kutoka pembe ya dirisha lisilo na kioo
mvulana ambaye sijawahi kusikia sauti yake
akasema, taratibu, kama anayekanyaga matope:
Kwa sababu mtungi unatoka jasho.

Kalunde hakusema *sahihi*.
Alisema: Nani ana lingine?
Kisha akangoja tena.

Ngapi, sijui. Sikutazama saa.
Kisanduku kile daftarini kiko wazi hadi leo,
na mkuu ameshaniuliza mara mbili.